Ukichimba Mlandege, Chini Mna Haki za Watu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.

Miongoni mwa maswali yaliyotufikia baada ya swala ya Ijumaa, moja limetukalisha kitako. Muulizaji ni mtu wa Mlandege, ana nyumba ya urithi aliyokuwa akiitengeneza. Alimleta fundi kuchimba shimo la karo pembezoni mwa ukuta. Sururu ikagonga bomba la maji, maji yakaruka. Fundi hakutaharuki. Alikata kipande cha mpira wa tairi, akakizungusha kwenye ufa, akakifunga kwa waya na kufukia. Kazi ikaendelea, na karo likajengwa hatua chache tu kutoka pale. Sasa majirani wanalalamika kuwa maji yao yana harufu, na watoto wa nyumba mbili wameharisha. Wote wanailaumu mamlaka ya maji. Yeye anajua, na amenyamaza. Anauliza: je, nina dhambi? Na nikisema, nani atalipa?

Tumeona jawabu yake isiishie sikioni mwake, kwa sababu jambo hili si la mtu mmoja. Kila nyumba inayovunjwa na kujengwa upya Mlandege, Kikwajuni, Vikokotoni au ndani ya Mji Mkongwe inaanza kwa jembe, na chini ya jembe hilo mna vitu ambavyo si vya mwenye nyumba: mabomba ya maji, waya wa umeme wa ardhini, mkonga wa mawasiliano, mtaro wa maji ya mvua na bomba la maji machafu. Sisi wenyewe hatujitoi. Tulipojenga pahala pa kutawadhia kwenye madrasa yetu, tulimuuliza fundi bei, tukauliza saruji mifuko mingapi, wala hatukumuuliza mtu yeyote nini kipo chini ya ardhi tunayoichimba. Mungu alituhifadhi. Lakini kuhifadhiwa si hoja ya kuendelea na ujinga.

Kwanza tuelewe madhara yanavyoingia, maana wengi wanadhani bomba likipasuka maji hutoka nje tu na hasara ni maji kumwagika. Sivyo. Maji yakiwa na nguvu ndani ya bomba, ufa hutoa maji nje. Lakini sisi tunaishi kwa mgao. Maji yanakuja saa fulani na yanakatika saa fulani. Yakikatika, bomba hubaki tupu na nguvu yake inaanguka, na ule ufa uliokuwa ukitoa sasa unavuta ndani kilichouzunguka. Ikiwa uliouzunguka ni udongo uliorowa maji ya karo, basi hicho ndicho kitakachoingia. Hali inazidi kuwa mbaya kwa ile tabia iliyoenea mitaani ya kufunga mota moja kwa moja kwenye bomba la barabarani ili kuvuta maji kabla ya jirani. Mota ile haichagui. Inavuta maji, na inavuta na uchafu kupitia kila ufa uliopo njiani. Waliokuwepo wakati wa kipindupindu cha 2015 na 2016 wanakumbuka misiba ilivyofuatana, na wanajua kwamba kinachoitwa ugonjwa wa mripuko mara nyingi ni kinyesi kilichopata njia ya kufika kwenye kikombe.

Umeme nao ni habari nyengine. Waya wa nyumbani kwetu una volti 230, na huo peke yake unatosha kuua. Waya mkubwa wa usambazaji unaopita ardhini unaweza kubeba volti 11,000. Kibarua akiupiga kwa mtaimbo, hata kama hakushikwa na umeme wenyewe, ule mwako unaoruka unaweza kumuunguza uso na mikono kabla hajajua kilichompata. Na kibarua huyo aghlabu ni kijana anayelipwa kwa siku, hana bima wala glavu.

Visiwa hivi vinajua vizuri kuliko pengine popote maana ya maisha kuning'inia kwenye waya mmoja usioonekana. Umeme wetu unatoka Ras Kiromoni, upande wa Tanzania Bara, unapita chini ya bahari mpaka Fumba. Mwezi Mei 2008 njia ile ilipoharibika, Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Ikaja Desemba 2009, ikawa miezi mitatu. Kina mama wa Mlandege walibeba ndoo kwa sababu pampu za visima zilikuwa hazifanyi kazi, wenye maduka waliingia madeni kununua mafuta ya jenereta, na mahoteli yakapunguza watu. Waya mpya wa megawati 100 ulipokamilika mwaka 2013, tukapumua. Hasara ile haikuletwa na jembe la mtu, lakini funzo lake ndilo hili tunalolizungumza: kitu kilichofukiwa kinasahaulika mpaka siku kitakapokatika. Hata mwezi wa Mei 2024, nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika upande wa kusini mwa Afrika, wafanyabiashara wa Darajani walikwama na malipo ya simu ilhali hawajui hata nyaya hizo zinapita wapi.

Tukirudi nyuma, mji huu haukuwa na maji ya bomba mpaka Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipoyaleta kutoka chemchem za upande wa Bububu. Kabla yake watu walikuwa wakinywa visima vya mjini, na kipindupindu kilikuwa kikiwafagia. Tangu wakati ule kila zama imefukia vyake juu ya vya waliotangulia: mabomba ya Waingereza, ya Serikali ya Mapinduzi wakati wa kujenga Michenzani, na katika miaka hii mabomba mapya ya mradi wa maji wa mkopo wa India na mitaro mikubwa ya mvua ya mradi wa huduma za miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mlandege ipo ng'ambo tu ya Darajani, kwenye ukingo wa lile hori lililokuwa likiugawa mji kabla ya kufukiwa. Ardhi ile imefukuliwa na kufukiwa mara nyingi. Anayedhani anachimba udongo mtupu hajui alipo.

Sasa tuje kwenye sheria. Zanzibar haikosi sheria. Maji yana Sheria Namba 4 ya mwaka 2006 iliyoanzisha Mamlaka ya Maji (ZAWA). Shirika la Umeme (ZECO) lina sheria yake ya mwaka huo huo. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Mawasiliano ni jambo la Muungano na yana sheria ya mwaka 2010. ZURA iliundwa mwaka 2013 kusimamia huduma za maji na nishati. Juu ya hayo, Sheria ya Adhabu ya 2018 inamshughulikia anayeharibu mali ya mwenziwe kwa makusudi. Na vipo vibali vya ujenzi vya manispaa.

Tatizo tunaloliona ni la namna nyengine. Sheria hizi kila moja inalinda chake. Bomba linalindwa na wenye bomba, waya unalindwa na wenye waya. Mzee wa Mlandege anayetaka kuchimba shimo la mita mbili nyuma ya nyumba yake anatakiwa agonge milango mingapi? Wenzetu wamelifikiria hili baada ya kuumia. Tarehe 30 Julai 2004, katika mji wa Ghislenghien nchini Ubelgiji, bomba kubwa la gesi lililokuwa limejeruhiwa na mashine za ujenzi liliripuka, wakafa watu 24. Bomba lile halikupasuka siku lilipoguswa. Lilichubuliwa, likafukiwa, likasubiri. Uholanzi ilitunga sheria mwaka 2008 inayomlazimisha kila anayechimba kwa mashine kuomba kwanza ramani, na kila mwenye bomba au waya kuitoa. Marekani tangu 2007 wana nambari moja ya simu, 811, ambayo mtu huipiga kabla ya kuchimba, kisha wenye mabomba na nyaya huja kuzitia alama za rangi juu ya ardhi. Hatusemi tuige kila kitu cha watu. Tunasema kwamba nambari moja ya simu si jambo lililo juu ya uwezo wa visiwa vyetu, na ZURA, iliyokwisha kusimamia maji na umeme chini ya paa moja, iko karibu zaidi na jambo hilo kuliko yeyote.

Tena tuseme ukweli, maana haki haina upendeleo: si wananchi peke yao wanaoharibu. Barabara inatiwa lami leo, mwezi ujao inachimbwa kupitisha bomba, na mwezi wa tatu anakuja mwengine na kijiko kupitisha mkonga na kulikata lile bomba. Mtaro unaachwa wazi mbele ya duka la mtu wiki mbili, na mwenye duka ameweka ubao juu yake wateja wavuke. Tumeyaona hayo kwa macho yetu. Kibali cha serikali kinampa kontrakta ruhusa ya kuchimba, hakimpi ruhusa ya kudhuru.

Jambo hili wanavyuoni wetu hawakuliacha. Waliosoma Minhaji ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu hapa Unguja tangu zama za mababu, wanakumbuka katika milango ya diya masuala ya mtu anayechimba kisima njiani. Tukieleza kwa maneno yetu: akichimba katika njia nyembamba inayowadhuru wapitao, analo jukumu la kulipa, hata kama alipewa idhini. Akichimba katika njia pana isiyomdhuru mtu kwa idhini ya kiongozi, halipi. Na akichimba bila ya idhini, hutazamwa: ikiwa ni kwa manufaa yake mwenyewe, analipa, ikiwa ni kwa manufaa ya watu wote, kauli yenye nguvu ni kwamba halipi. Mtu anayejua vichochoro vya mji wetu akiisoma mas-ala hii atadhani imeandikwa kwa ajili yetu.

Upo pia mlango wa kuhuisha ardhi, ambapo mafakihi wanazungumzia harimu, yaani eneo linalozunguka kisima ambalo mtu mwengine haruhusiwi kulichimba kwa namna itakayokidhuru, ijapokuwa ardhi ile haina mwenyewe. Kisima kina heshima yake na mzingo wake. Sisi tunaona bomba linalonywesha mtaa mzima halipungui na kisima. Sheria inapokataza kujenga juu ya njia ya bomba au kuchimba karo karibu nalo, isichukuliwe kuwa ni usumbufu uliobuniwa maofisini. Fiqhi yetu imelijua hilo karne nyingi kabla ya hayo maofisi kuwepo. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, anapozungumzia kazi za muhtasib anataja kuyashughulikia maji ya kunywa ya mji yanapoharibika, na gharama yake kutolewa katika Baitul-mali kunapokuwa na kitu.

Na ile hadithi ya jahazi iliyomo katika Bukhari, kutoka kwa Nuuman bin Bashir (R.A.), ni nani asiyeijua? Watu wamepanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Walio chini wakaona taabu kupanda juu kila wanapotaka maji, wakafikiria kutoboa katika sehemu yao wenyewe ili wasiwasumbue wenzao. Tuzingatie: hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kupunguza usumbufu, na walitaka kutoboa katika fungu lao. Huyo ndiye mtu wetu anayesema, "Nachimba kwangu, nani ataniuliza?"

Basi turudi kwa muulizaji. Yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya, dhambi na malipo. Fundi hakukusudia kulipasua bomba, na makosa yasiyokusudiwa Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu kwa upande wa dhambi. Ama malipo hayaondoki kwa kutokukusudia. Aliyevunja cha mtu analipa, awe amekusudia au amekosea, kwa sababu haki ni ya mwenye kitu. Na baina ya fundi na mwenye nyumba, aliyepiga sururu kwa mkono wake ndiye wa kwanza kutazamwa. Lakini kibarua aliyeonyeshwa pa kuchimba na mwenye kazi, ilhali hajui kuna nini wala pale si pa mwenye kazi, mzigo unamrudia aliyemuajiri. Hatupendezwi kuona wenye nyumba wakimkata kijana ujira wake kwa bomba ambalo wao ndio walipaswa kulijua.

Hiyo ni sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni kile kipande cha mpira wa tairi. Pale jambo liliposita kuwa bahati mbaya na kuwa uamuzi. Tangu siku aliyofukia, na hasa tangu alipozisikia zile habari za watoto kuharisha na akanyamaza, yumo ndani ya madhara yanayoendelea, na kila siku anayonyamaza inaongeza. Mtume (S.A.W.) amemkataza mtu kumletea mwenziwe madhara, na akahesabu kuondosha kero njiani kuwa ni tawi la imani. Itakuwaje basi kwa anayeifukia kero na kuijua ilipo? Tumemwambia: nenda leo, si kesho, ukaiarifu ZAWA pahala palipo na ufa, na kabla ya hapo uwagongee majirani wachemshe maji. Toba ya haki za watu haikamiliki mpaka haki irudi. Gharama ya kulitengeneza bomba ni deni juu yako. Kama huna, omba upewe muda, kama deni lolote. Ama watoto walioumwa, kama ni bomba lile ndilo lililowaumiza au ni jambo jengine, hilo litathibitishwa na daktari; wewe waendee wazee wao uwatake radhi na usingoje uthibitisho ili uwe muungwana.

Akatujibu neno ambalo limebaki moyoni mwetu. Akasema: "Sheikh, nikisema nitapigwa faini, nitakatiwa maji, na mtaa mzima utaninyooshea kidole. Nisiposema hapana atakayejua." Huo ndio ugonjwa wa sheria zetu, na tunaomba wanaozitunga walitazame neno hili. Sheria ikimwadhibu sawasawa aliyekosea akasema na aliyekosea akaficha, itakuwa imewafundisha watu kuficha. Sharia ya Kiislamu imetenganisha: kosa lenyewe ni malipo tu, bila ya dhambi, kuficha ndiko kunakoleta dhambi. Na sheria ya nchi ingefaa ifuate mwendo huo huo. Anayeripoti siku ile ile alipe thamani ya bomba na fundi wa kulitengeneza, isizidi hapo. Anayefukia na kunyamaza, huyo ndiye wa faini na mahakama. Tukifanya hivyo, mipira ya tairi iliyofukiwa chini ya mji huu itaanza kujitokeza yenyewe.

Wakati tunaisubiri hiyo nambari moja ya simu, yapo tunayoweza. Kila shehia ina mzee au fundi wa zamani anayekumbuka bomba gani linapita wapi na lilitiwa mwaka gani. Wazee hawa wanaondoka, na wanapoondoka ramani inaondoka nao. Kamati za misikiti ya Mlandege zingeweza, pamoja na sheha, kuwakalisha baina ya Alasiri na Magharibi wakatembea nao mtaani, kijana mmoja ameshika karatasi. Mtwalii wa nyumba ya wakfu naye asiruhusu mpangaji achimbe mpaka ameuliza, kwani wakfu ni amana, na faini au fidia itakayotokana na shimo lile isije ikaliwa katika mapato ya waliowakfiwa.

Na fundi akiwa anachimba, amwambie kibarua aache mtaimbo na atumie koleo pole pole pindi akikuta mchanga laini usiofanana na udongo wa pale, au matofali yaliyolazwa kwa mpangilio, au ukanda wa plastiki wa rangi. Vitu hivyo havikujipanga wenyewe. Aliyelaza waya aliviweka juu yake ili kumwambia atakayekuja baadae asimame. Akisimama, kazi itachelewa siku moja.

Limebaki swali dogo lililoulizwa na mwengine aliyekuwa akisikiliza: aliyejiungia bomba kwa siri usiku, wudhu wake kwa maji yale unasihi? Katika madhhabu ya Imam Shafii wudhu unasihi na swala yake inasihi, pamoja na dhambi ya kuchukua kisicho chake, na thamani ya maji yote aliyoyatumia tangu siku ile imo shingoni mwake. Aende ofisini, ajiandikishe, alipe. Kuhusu majirani waliokosa maji kwa sababu ya mota yake, hao hawana ofisi. Atawatafuta mlango kwa mlango.

Wallahu aalam.